Neno la siri la watu wanne

Mpaka hivi karibuni, neno la siri la barua pepe yangu tulikuwa tunalijua watu wanne. Mimi mwenyewe; mpwa wangu, mtoto wa dada, aliyenifungulia akaunti hiyo akiwa kidato cha pili; mwalimu mwenzangu, aliyeniokoa siku akaunti ilipojifunga na mpwa yuko bwenini; na kijana wa steshenari iliyo karibu na stendi, ambaye alikuwa amelinakili kwenye kaunta buku lake pamoja na maneno ya siri ya nusu ya mtaa. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Mtungi wangu ulikuwa na kata tatu.

Mimi sioni. Surua ilinichukua macho nikiwa na miaka minne, kwa hiyo rangi ninazozikumbuka ni mbili, nyekundu ya kanga ya bibi na weupe wa jua la mchana. Ninafundisha Kiswahili sekondari hapa Tanga. Natumia laptopu ya mtumba niliyoinunua Kariakoo, na ndani yake kuna NVDA, programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini. Programu hiyo ni ya bure. Waliijenga Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, waliofahamiana utotoni kwenye kambi ya muziki. Curran alianza kuiandika mwaka 2006, wakati programu za namna hiyo zilikuwa zinauzwa kwa bei ambayo mwalimu wa huku angekopa.

Watu wakisikia natumia kompyuta huniuliza nawezaje kuchapa. Jamani, kuchapa ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Mchapaji hodari mwenye macho yake naye haiangalii kibodi. Nasoma magazeti, nasahihisha insha walizotuma wanafunzi, namwandikia mkuu wa shule taarifa ndefu kuliko anavyotaka. Nikishaingia ndani ya nyumba sina shida. Shida iko mlangoni, pale tovuti inaposema "Jisajili".

Lakini nirudi nyuma kidogo, maana bila hili hamtaelewa kwa nini jambo la neno la siri linaniuma kiasi hiki.

Shule ya msingi nilisoma Irente, Lushoto, shule ya wasioona iliyo juu milimani, ambako asubuhi ya mwezi wa saba vidole hufa ganzi mpaka nukta nundu hazisomeki, inabidi kwanza uvipashe kwapani. Tuliandika kwa mashine ya Perkins: vitufe sita vya nukta, kimoja cha nafasi katikati, na kishindo cha chuma kinachomfanya aliye chumba cha pili ajue kwamba unaandika, ila asijue unaandika nini. Louis Braille alikuwa kijana wa miaka 15 tu alipoutengeneza mfumo huo wa nukta nundu mwaka 1824, na sidhani kama aliwahi kuwaza kwamba alikuwa anawapa wasichana wa Lushoto maandishi yao ya faragha.

Likizo nilirudi nyumbani na barua za rafiki zangu na shajara yangu. Dada zangu walificha za kwao chini ya godoro, na bado zikasomwa, zikachekwa, zikaleta ugomvi. Yangu niliiacha mezani. Mama alikuwa akipita anaipapasa, anasema, "Mwanangu, hii karatasi mbona ina upele?" kisha anairudisha pale pale. Katika nyumba ya watu tisa, mwenye siri nilikuwa mimi peke yangu.

Sasa njooni kwenye kompyuta.

Mwaka juzi kulikuwa na mafunzo ya mtandaoni ya walimu wa lugha, wiki sita, bure kabisa. Jina la tovuti nalihifadhi. Mwisho wa kujisajili ulikuwa saa sita usiku. Nilikaa mezani saa mbili usiku, nimeshakula, nimeshanunua bando, nikajiambia nusu saa inatosha.

Programu ya kusoma skrini haiuoni ukurasa kama mnavyouona nyinyi. Inasoma kilicho chini yake, ile misimbo aliyoandika mtengenezaji. Kisanduku cha kuandika jina kinakuwa na maana kwangu pale tu mtengenezaji alipokifunga pamoja na neno "Jina". Asipokifunga, nyinyi mtaliona neno limekaa juu ya kisanduku na mtaelewa. Mimi naambiwa "sehemu ya kuandika, tupu". Nabonyeza Tab. "Sehemu ya kuandika, tupu." Tab tena. "Sehemu ya kuandika, tupu." Chukua fomu ya benki, kata maneno yote kwa mkasi uache mistari mitupu, halafu mpe mtu ajaze. Nikawa naotea: cha kwanza jina langu, cha pili jina la ukoo, cha tatu labda barua pepe.

Halafu lugha. Ukurasa ulikuwa wa Kiswahili, jambo la kushukuru, lakini kwenye misimbo palikuwa pameandikwa kwamba lugha yake ni Kiingereza. Kwa anayeona hilo halibadilishi kitu. NVDA ikikutana na alama hiyo inamwita Mwingereza wake, na Mwingereza anaanza kusoma Kiswahili. "Jaina la kuanza." "Nino la sairai." Mara ya kwanza kuyasikia hayo, miaka iliyopita, nilidhani kompyuta imepandwa na mashetani, na mimi ni mtu wa Tanga, nisingeshangaa sana. Sauti ya Kiswahili ipo, ya eSpeak, programu inayotamka maandishi. Inaongea kama debe lililofundishwa sarufi, lakini nimeizoea, na naiendesha kwa kasi ambayo mgeni akiisikia hudhani redio imeharibika.

Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa kalenda ya kubofya. Huandiki, unachagua. Inaanzia mwezi wa leo, na kuna kitufe kimoja cha kurudi nyuma mwezi mmoja mmoja. Nimezaliwa 1986. Hesabu mwenyewe: zaidi ya mara 440. Nilifika kama 60, kidole kikateleza, kalenda ikajifunga ikarudi mwezi wa leo. Baadaye nikagundua kwa bahati tu kwamba kuna vitufe viwili ambavyo ukivibonyeza kwa pamoja unaruka mwaka mzima. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo.

Neno la siri, kila herufi ninayochapa NVDA inatamka "nyota". Nyota, nyota, nyota, mpaka nyota kumi na mbili, kama nimekwenda kupigiwa falaki. Kwa chini yalikuwepo masharti: pawe na herufi kubwa, pawe na namba, pawe na alama, na kila sharti likitimia linageuka kijani.

Kijani.

Nikabonyeza kitufe cha kutuma. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Ndipo nikarudi juu kabisa ya ukurasa, mstari kwa mstari, nikakuta ujumbe ambao ulikuwa umekaa hapo muda wote ukinisubiri: "Tafadhali rekebisha sehemu zilizowekwa rangi nyekundu." Nilicheka peke yangu, saa nne na nusu usiku, mpaka jirani akagonga ukuta.

Saa tano ndipo ukaja mlango wenyewe. "Thibitisha kwamba wewe si roboti." Na picha tisa. Nikampigia mpwa wangu simu ya video, yuko chuoni Dodoma, nikaielekeza simu kwenye skrini.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba, baba. Nisomee hapa, haraka."

"Sogeza juu kidogo. Shusha. Kushoto kwako. Hapo hapo, usitikisike. Wanasema uchague picha zenye... sijui zinaitwaje kwa Kiswahili. Vile vibomba vifupi vyekundu vya pembeni mwa barabara, vya kwenye muvi za Marekani, gari likivigonga maji yanaruka juu."

"Vya zimamoto?"

"Ee, hivyo hivyo. Viko vitatu. Au vinne, hiki kimoja sijui ni kibomba au ni mtoto kavaa koti."

Huyu ni kijana mwenye macho mawili mazima, na bado anawategemea waigizaji wa Marekani ili athibitishe ubinadamu wa shangazi... samahani, wa mama yake mdogo. Vibomba vya namna hiyo hatukukua navyo. Mara nyingine huulizwa mabasi ya shule, na wanachotaka ni yale ya njano ya kwao. Safari moja ilikuwa pikipiki, na tulibishana robo saa kama bajaji inahesabiwa. Nadhani tulikosea.

Usiku ule vibomba tulivipata, ila kuvibofya ikawa kazi nyingine. Kwa NVDA zile picha hazikuwa na jina wala namba, na mpwa yuko mbali mamia ya kilomita, hawezi kunishikia kipanya. Tukajaribu mara tatu. Kila mara zinakuja picha mpya.

Kuna kitufe kingine pembeni, chenye alama ya spika za masikioni, kilichowekwa kwa ajili yetu. Unakibonyeza unachezewa sauti, unaandika ulichosikia. Sauti ni ya Mmarekani anayeongea akiwa kwenye kisima, na juu yake wamemwaga makelele kama redio ya masafa mafupi usiku wa mvua. Makelele yamewekwa makusudi, ili roboti isielewe. Nami ninapochapa, NVDA inanitamkia kila herufi, ikimfunika Mmarekani; nikiizima NVDA sijui nilipo. Kwa hiyo unasikiliza kwanza, unakariri, ndipo unachapa. Kiingereza changu si kibaya, nimekisoma hadi chuo kikuu, lakini ukisikia neno moja limekatika katikati, huna muktadha wa kukusaidia. Nilijaribu mara tano. Ya sita hata sauti sikupewa. Niliambiwa kompyuta yangu inatuma maombi yanayofanana na ya roboti, nijaribu tena baadaye.

Mwalimu wetu wa kompyuta alinieleza kesho yake kwa nini. Mitandao ya simu huwapitisha wateja wengi, wakati mwingine maelfu, kwenye anwani moja ya intaneti. Upande wa pili wanaona anwani moja inabisha hodi mara nyingi mno, wanashtuka. Nilikuwa nimebeba dhambi za watu wote wa Tanga waliokuwa mtandaoni usiku ule.

Saa sita na dakika nane ukurasa ukasema usajili umefungwa. Ujumbe huo, tazama maajabu, NVDA iliusoma mara moja bila kutafutwa.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za kizuizi hiki, kwa hasira zaidi kuliko kwa elimu. Jina lake ni CAPTCHA. Walilitoa Luis von Ahn na Manuel Blum pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ndani ya kifupisho hicho kirefu herufi ya T inamsimamia Turing. Hapo ndipo niliposimama. Alan Turing, mwaka 1950, aliuliza kama mashine zinaweza kufikiri, akapendekeza mchezo: muulizaji akae chumba chake, wanaoulizwa wakae chumba kingine, na majibu yaje yamechapwa. Ukuta ule Turing aliuweka kwa makusudi. Hakutaka sura ihesabiwe, wala sauti. Yabaki maneno peke yake, tuone nani ana akili. Katika mchezo wa Turing mimi ningekaa kiti chochote mnipe. Waliokuja kuazima jina lake ndio walioongeza macho.

Nakiri kwamba walikuwa na akili sana. Mwaka 2007 von Ahn na wenzake walileta reCAPTCHA, ambayo iliwapa watu maneno kutoka magazeti na vitabu vya zamani, yale ambayo mashine za kunakili zilishindwa kuyasoma. Ukijithibitisha wewe ni binadamu, papo hapo unasaidia kuingiza kitabu kwenye kompyuta. Google waliinunua 2009. Vitabu vilivyogeuzwa maandishi namna hiyo ndivyo ambavyo programu kama yangu inaweza kuvisoma. Kwa hiyo mlango ulionizuia ulikuwa pia unanijengea maktaba. Sijui nimshukuru nani, nimlaumu nani. Siku nyingine nafanya yote mawili.

Ambalo halinipi usingizi ni kwamba roboti zinapita. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland waliandika programu, wakaiita unCaptcha, ikasikiliza zile sauti zenye makelele na kuzijibu sawasawa kwa asilimia 85, ikitumia huduma za kawaida za kugeuza sauti kuwa maandishi ambazo mtu yeyote anazipata mtandaoni. Asilimia 85. Mimi nilipata sifuri kati ya tano. Kama kipimo cha ubinadamu ni hicho, basi mwenye haki ya kuwafundisha watoto Kiswahili ni ile programu. Mbali na roboti, wapo watu wanaolipwa ujira mdogo kukaa kutwa wakijibu mafumbo hayo kwa niaba ya walaghai. Na asiyeona ambaye pia hasikii hana picha wala hana sauti. Kwake mlango haukujengwa.

Wanaoandika miongozo ya mtandao wanalijua hili muda mrefu. W3C, jumuiya inayotunga kanuni za tovuti, ilitoa waraka kuhusu tatizo la CAPTCHA kwa watu wenye ulemavu mwaka 2005. Oktoba 2023 ikatoka miongozo yake ya ufikivu wa tovuti, WCAG 2.2, yenye kipengele kinachosema mtu asifanyiwe mtihani wa akili au wa kumbukumbu ili aingie kwenye akaunti yake. Nilifurahi, mpaka niliposoma chini: katika kiwango ambacho wengi hukilenga, kutambua vitu kwenye picha bado kunaruhusiwa. Vibomba vyetu vimepenya.

Kuna mtego mwingine ambao kwa haki nilipaswa kuupenda. Mtengenezaji anaweka kisanduku cha ziada kwenye fomu na kukificha, macho yasikione. Binadamu atakipita, roboti, kwa uroho wake wa kujaza kila kitu, itakijaza na kukamatwa. Hakuna picha, hakuna mtihani, mtu hata hajui kwamba amepimwa. Ila kukificha machoni si kukificha masikioni. NVDA ilikiona kisanduku, ikanisomea, na mimi, mwanafunzi niliyelelewa vizuri, nisiyeacha swali wazi, nikajaza. Fomu ikaniambia asante, na akaunti haikuja hadi leo. Mtengenezaji mwangalifu anajua namna ya kukificha pande zote mbili. Huyu hakujua, au hakuwahi kufikiria kwamba kuna mtu anayesikiliza.

Siku hizi wamehamia usoni. Kulikuwa na programu ya simu ya benki, ambayo pia siitaji, na nilitaka kufungua akaunti bila kupanga foleni. Ilikwenda vizuri hadi ikaniambia niweke uso wangu ndani ya duara. Nikalitafuta duara. Mkono juu, mkono chini, simu mbali, simu karibu, huku nikisikia mlio mdogo usiosema kama ninakaribia au ninapotea. Mwisho nikalipata, kwa bahati. Ikasema: pepesa macho.

Jicho langu la kulia ni la bandia, na la kushoto lilikwishajifunga. Nilipepesa nilichonacho. Ikakataa. Nikapepesa tena kwa nguvu, nadhani nilikuwa nakunja uso mzima. Ikakataa, ikanishauri nitafute mahali penye mwanga wa kutosha.

Nikaenda tawini. Binti wa mapokezi alikuwa mpole, akanishika mkono, akanikalisha, akasema, "Mama, ungekuja na mtu."

"Nimekuja naye," nikamwambia. "Ndiye mimi."

Alicheka, nami nikacheka, akanisaidia hadi mwisho. Sina kinyongo naye. Lakini ile "ungekuja na mtu" nimeisikia tangu utoto, kwenye kila kaunta, na tovuti zimeirithi bila hata kuibadilisha maneno.

Si kwamba haiwezekani. Mwaka 2019, Tanzania ilipoanza kusajili laini za simu kwa alama za vidole, nilijiandaa kwa balaa. Nikaenda kwa wakala, chini ya mwavuli, nikamtajia namba yangu ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, tarakimu zote 20, ambazo nimezikariri kama kaswida. Akanielekeza kidole kwenye kikasha kidogo, nikabonyeza, kikalia, kwisha. Dakika tano, na hakuna aliyeniambia ningekuja na mtu. Bibi yangu, mwenye macho yake makali mpaka leo, ndiye aliyeteseka siku ile: jembe lilikwisha kula alama za vidole vyake, mashine ikimkataa kidole baada ya kidole, naye akiishangaa: "Mbona hainijui?" Kwa hiyo sisemi vidole ni dawa ya wote. Nasema kila mlango una mtu wake wa kubaki nje, na aliyejenga mlango mmoja tu amekwishachagua nani.

Hayo ni ya kushindwa kabisa. Ya kushinda kwa kusaidiwa yana ubaya wake, na huo watu hawauoni, maana kwa nje mambo yamekwisha vizuri. Kijana wa steshenari anatoza shilingi 2,000 kwa akaunti moja, na hawamtumii wasioona peke yao. Wapo wazee, mama ntilie, hata wahitimu wanaoomba kazi. Ni kijana mwaminifu. Lakini siku aliponijazia fomu moja ya maombi aliniuliza kwa sauti, mbele ya foleni, maswali ya usalama: jina la mama yako kabla hajaolewa, shule yako ya kwanza, jina la rafiki yako wa utotoni. Nikajibu moja moja. Leo anaweza kuwa mimi kuliko mimi ninavyoweza kuwa mimi. Akaunti zile nyingine bado zimo kwenye kaunta buku.

Na namba ya uhakiki ikitumwa kwa simu, simu yangu inaisoma kwa sauti. Safari moja nilikuwa kwenye daladala bila spika za masikioni. Namba ikaja, simu ikaitangaza, konda naye anaita abiria, nikapoteza tarakimu mbili za mwisho. Kabla sijarudia kuusoma ujumbe, kaka wa siti ya nyuma akaniinamia: "Dada, ni tatu tisa sifuri moja, halafu saba na nne." Nikamshukuru. Nikaiandika. Ilifanya kazi.

Kinachochekesha ni kwamba kompyuta yangu, ikiachwa peke yake, ina faragha kuliko ya mtu yeyote. NVDA ina kitu kinachoitwa pazia: unabonyeza, skrini inakuwa nyeusi tii, na mimi naendelea kufanya kazi kwa sauti masikioni. Mtu anaweza kusimama nyuma yangu saa nzima asiambulie herufi. Natunga mitihani ya kidato cha nne hivyo, kwenye chumba cha walimu, kati ya watu. Pazia hilo naliondoa siku ya kujisajili tu, ili anayenisaidia apate kuona.

Sheria tunazo, nizitaje kwa kuwa kuna atakayeuliza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unaitaja intaneti kwa jina kwenye ibara ya 9. Tanzania iliuridhia 2009 na kutunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu 2010. Wenzetu Kenya mwaka 2022 walikwenda mbele kwa kutoa kiwango cha taifa, KS 2952, cha ufikivu wa bidhaa na huduma za TEHAMA. Nafurahia hayo yote. Ila anayekifunga kisanduku na jina lake si bunge. Ni kijana mmoja, pengine yuko Sinza au Nairobi, anamalizia kazi usiku, na mstari huo wa msimbo unamchukua sekunde kumi. Wanafunzi wangu wawili wanasomea kazi hiyo sasa. Nimewaambia wakimaliza tovuti yoyote, wazime skrini na kuijaza wenyewe. Mmoja alijaribu, akanipigia simu: "Mwalimu, nimekwama kwenye tarehe ya kuzaliwa."

Mwezi uliopita nilibadilisha neno la siri la barua pepe. Kubadilisha kulikuwa kwepesi kuliko kufungua. Visanduku vilikuwa na majina, kosa nililofanya lilisomwa hapo hapo, hapakuwa na kibomba wala duara. Dakika nne, peke yangu, pazia likiwa limeshushwa. Kisha nikaitoa Perkins kabatini, nikachomeka karatasi ya manila, nikaliandika lote: herufi kubwa, namba, alama na kila kitu. Nikalibandika ukutani sebuleni, chini ya kalenda ya shule.

Baada ya siku tatu mpwa wangu akapiga.

"Mama mdogo, barua pepe yako inagoma."

"Nimebadilisha neno la siri."

Akanyamaza kidogo. "Nani kakusaidia?"

"Hakuna."

"Sasa jipya ni lipi? Notisi zangu zote za muhula nimezihifadhi mle."

Nikamwambia liko ukutani sebuleni, chini ya kalenda. Akija likizo alisome.